Mbuzi ya Kalunguta

Yaya Masika, dada yangu mukubwa,

Ni miye Kambale, mudogo wako wa tumbo kubwa. Tangu tukuzike hapa Butembo, tumbo imeongezeka. Bamotari ba pikipiki bakiniona banaangalia kwanza pneu, kama gurudumu itanibeba. Ungecheka.

Mais leo kicheko inanishinda. Ni juu ya ile mbuzi.

Siku ile ulirudi kutoka shamba ya Kalunguta na kitenge imepasuka, ukataja jina ya mutu aliyekubaka: jirani yetu, mwenye alikuwa anatusalimia kila asubui. Papa alikuwa amekufa, donc miye ndiye mwanaume wa nyumba. Nikakimbia. Hapana kwa dokta, hapana kwa polisi: kwa wazee wa jamaa yake. Tukafanya arrangement, mapatano ya jamaa kwa jamaa. Balileta mbuzi ya faini, tukapeana mikono, nikatangaza: "Imeisha!" Nilijiona diplomate. Na ni wewe ulipika, Yaya. Ulichungulia mulangoni, ukaniuliza polepole: "Kambale, chumvi inatosha?" Nikajibu: "Iko bien, Yaya, iko muzuri!" Nikaomba na maini.

Kisha ukahamia Beni kuuza vitenge. Sisi tulisema unapenda biashara.

Mwezi uliopita, infirmière mumoja, muuguzi wa hospitali, alikuja kuongea na sisi ku parokia. Alisema kubakwa hapana tu mambo ya batu ba silaha kule porini; mara mingi ni mutu mwenye anakujua jina. Akaomba tufumbe macho, na kila mutu mwenye ilimufikia, ao mwenye anajua mutu ilimufikia, anyanyue mukono. Nilifungua jicho moja, unanijua. Mikono ilijaa kanisa. Wangu ulikuwa bado ku magoti. Wa Kavira, muke wangu, ulikuwa juu.

Njiani nikamuuliza mbona hakuniambiaka. Hakusimama hata. "Ningekuambia, ungeniletea mbuzi."

Yaya...

Juzi jirani wa nyuma alikuja: "Papa Kambale, wewe ni bingwa wa arrangement, utusaidie. Ni binti yetu." Nikasema hapana. Nilipandisha binti na mama yake ku pikipiki mpaka hospitali. Miye nikafuata kwa miguu, na tumbo yote. Baba yake hanisalimii tena.

Sikuharakishi unisamehe. Mais naahidi: binti ule akienda kusema mbele ya majuji, nitakuwa naye, na ku wazee nitasema wazi kwamba ile mbuzi nilikula.

Pumzika, Yaya yangu. Na ile swali yako ya mulangoni, najibu leo: hapana. Haikukuwa bien.

Mudogo wako,
Kambale