Nusu Panadol ya Zabibu

Mwanangu Mehreen,

Huku kwetu North York, Kanada, baba yako hajambo, na kotmiri uliyoipanda kwenye kopo imechipua.

Nakuandikia kutoka hospitali ya dharura ya wanyama. Leo Jumapili, daktari wetu wa kila siku amefunga. Paka wako Zabibu wamempeleka ndani. Fizi zake zimekuwa za kahawia na anahema kwa shida. Nesi ameniuliza mara mbili kama amepewa dawa yoyote. Nimesema hapana.

Asubuhi masikio yake yalikuwa ya moto, kama yako ulipokuwa mdogo. Nikamsagia nusu Panadol, ile niliyokuja nayo kutoka Dar, nikamchanganyia kwenye maziwa. Si ndivyo nilivyokulea wewe?

Sasa mbele yangu kuna bango la paka na kidonge kilichopigwa mstari mwekundu, limeandikwa kwamba Panadol ni sumu kwa paka. Nimelitazama nusu saa nzima nikiona aibu, na yeye huko ndani anazidiwa, hawajui wamtibu nini.

Ya Allah, nesi huyo anarudi. Nimekuandikia wewe kwanza ili mdomo wangu uzoee kusema: ni mimi niliyempa.

Nainuka.

Mama yako,
Razia