Kaskazini Mbili

Baba mpendwa, shikamoo.

Natumaini wewe na mama ni wazima hapo Gorong'a, na ng'ombe wamepona ule ugonjwa wa miguu. Mimi sijambo, ila baridi ya huku Afrika Kusini inanichapa kweli kweli.

Nataka usikie haya kutoka kwangu, kabla kaka Mwita, niliyemweleza kwa simu, hajakusimulia na chumvi zake. Juzi nilipotea angani.

Ni hivi, Baba. Sindano ya dira haielekei kaskazini ile ya kwenye ramani, inafuata sumaku ya dunia. Kwetu Mara tofauti ya hizo mbili ni ndogo mno, huwezi kuijali. Huku inapita digrii ishirini, na sindano inaegemea magharibi. Rubani akishapima njia kwenye ramani, lazima aongeze hizo digrii ndipo aifuate dira. Nilifundishwa vizuri tu. Lakini juzi, safari yangu ya kwanza ndefu peke yangu, sikuziongeza.

Nikatazama chini nitafute reli niliyotakiwa kuikuta njiani. Hakuna reli, hakuna mji, ni vichaka vikavu tu kama kule Machochwe wakati wa kiangazi. Nikajiambia, Bhoke, endelea, itatokea. Kisha nikaangalia mafuta, nikaacha ubishi, nikashika redio.

"Nimepotea," nikasema.

Mwalimu wangu, mama mmoja asiyecheka ovyo, akauliza, "Dira inasoma ngapi?"

Nikamtajia.

"Uliongeza tofauti ya sumaku?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi umekwenda kushoto mno. Geuka kulia, uitafute reli."

Nikageuka. Ilipotokea, nilipiga kelele za Kikurya peke yangu mle ndani ya ndege.

Nilipotua nilijua nafukuzwa chuo cha urubani. Mwalimu akanimiminia chai. "Ninaowaogopa ni wasiosema wamepotea," akasema. "Kunywa, halafu upande tena."

Mchana huohuo nikaruka njia ileile, nikafika.

Najua ulitaka niwe nesi pale Mugumu, nisiwe mbali nanyi. Nikipata leseni nitaomba kazi ya kupeleka watalii kwa ndege mbugani Serengeti, karibu na nyumbani. Mama usimwambie habari hii, nitamweleza mwenyewe nikiwa nimekaa mbele yake, aone niko mzima.

Nisalimie bibi, shangazi wa dukani, na Mwita mwenyewe. Ukisikia mlio juu ya boma siku moja, toka nje unipungie, hata kama hunioni.

Ni mimi binti yako,
Bhoke