Kitanda cha Mama Mkwe

Mshauri wetu mpendwa,

Pokea salamu kutoka Malaba. Nisaidie, sina amani. Tangu niokoke nimejitolea kupokea wageni, kwa sababu hapa geti la mpakani likishafungwa jioni watu wa kwenda Uganda hukwama barabarani na watoto wao, na sisi Wakristo tumeagizwa tuwakaribishe, basi nawapikia, nawatandikia, na pasta hunitaja kanisani mpaka nasikia raha.

Lakini kitanda cha ziada ni kimoja, nacho ni cha mama mkwe wangu, Mama Aluka, na kila mgeni akija nilikuwa namwambia, "Mama, leo lala jikoni kidogo, ni kazi ya Bwana," naye ananyanyuka, hata wakati wa mvua na kifua chake kile kibovu, mpaka mwezi jana akafunga nguo zake akaenda Marachi kwa binti yake Roselyn, na wewe wajua kwetu mama hakai kwa mume wa bintiye, ni aibu kubwa, mkwewe akipita inambidi mama ajifiche nyuma ya nyumba. Mume wangu Omoding hanisemeshi.

Jumapili mtu alipiga hodi, nami kwa mazoea nikaitika, "Karibu mgeni!" Kutoka nje, ni yeye Mama Aluka. Akasema, "Mimi silali, Mama Titus. Nipatie tu blanketi yangu niende." Nililia, lakini alikwenda. Je, niache kupokea wageni? Au nimtume Omoding amrudishe?

Mama Titus, Malaba

Mama Titus,

Pole, lakini usimsingizie Bwana. Hakukutuma utoe kitanda cha mwenzako. Chako na Omoding mbona hakikupata mgeni hata siku moja? Sifa ulichukua wewe, baridi akaachiwa mama wa watu.

Wageni usiwafukuze, hawana kosa. Akija mwingine, mpe kitanda chako, na jikoni ulale wewe ukohoe moshi. Omoding usimtume, ingawa naye alinyamaza akiona mamake anatolewa, asijifanye msafi. Nenda Marachi wewe mwenyewe, kabla hujakanyaga tena kanisani. Usiende na pasta, wala usimweleze mama habari ya kazi ya Bwana. Mwambie umemkosea, basi. Akikataa kurudi, nenda tena.

Na ukifika kwa Roselyn usiingie tu. Simama nje, piga hodi, usubiri mpaka Mama Aluka mwenyewe akuambie karibu.