Karavani Yenye Alama Mbili

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimeinunua! Karavani kuukuu ya magurudumu mawili, ile nyumba ya kuvutwa na gari, imechakaa hata kuku angekataa kulala humo. Ilikuwa ikiozea kwenye yadi, nyuma ya ghala la Erastus, wakala anayetusafirishia mizigo sisi Wakenya. Nitaitengeneza, ipakiwe kontena, iwe duka langu la nguo Nairobi. Nimechoka na vibanda vya kupanga! Erastus amecheka mpaka akashika kiuno. Acheke tu. Kontena inafungwa Alhamisi ya wiki ijayo.

Nilimuuliza laoban, Mchina mwenye yadi, ilikuwa ya nani. "Meiyou, meiyou!" Hakuna, hakuna. Haiwezekani. Haikujileta yenyewe.

Jumatano, 12 Machi

Unyevu huu! Kuta zinatoka jasho. Nimebandua mbao zilizooza, nimeziba paa kwa silikoni. Ukutani juu ya jiko kuna doa jekundu, sabuni hailiwezi. Nimekwaruza kwa ukucha, nikanusa — mawese! Nani alipikia mawese humu? Sasa nina kazi mbili: ufundi na upelelezi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepiga msasa ubavuni. Chini ya rangi nyeupe kuna herufi kubwa za bluu: FLO L'SHI. Alama ya mzigo! Kila mfanyabiashara ana yake, wapakiaji wajue furushi ni la nani. Kumbe mwenyewe ni wa Lubumbashi! Nikapiga picha.

Halafu mkono ukafanya ulichozoea. Nikachukua rangi ya kupuliza, nikaandika yangu juu yake: KAWIRA NBO. Bila alama hawapakii kitu. Nikapiga picha tena.

Jumapili, 16 Machi

Chakula cha mchana mtaa wa Dengfeng na Odette, mjane wa Lubumbashi, ananunua viatu soko la Zhanxi. Nikamwonyesha picha zote mbili. Kwa maringo kabisa! Akaacha kula.

"Floribert," akasema. "Ile njo alama ya bwana yangu."

Yeye na mumewe walilala humo walipoanza biashara, wakilinda mizigo yao. Alidhani ilishakatwakatwa vyuma. Akaikuza picha ya pili kwa vidole.

"Mama Kawira, ulipakala juu ya jina yake?"

Sisi wa mizigo tunajua maana yake. Ukipuliza alama yako juu ya ya mwenzio, umemwibia. Nimeona aibu, sikujua pa kutazama.

Jumanne, 18 Machi

Nimejaribu kufuta yangu kwa petroli, polepole, kwa kitambaa. Zimetoka zote mbili! Imebaki L na ukungu wa bluu. Nimelia — kwa hasira zaidi.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika nimekaa juu ya ndoo ya rangi. Odette amekuja. "Nilikuya kuangalia tu," alisema. Akapitisha kiganja juu ya ile L. Hakuuliza herufi nyingine ziko wapi. Akavua viatu, akaingia, akajifungia.

Laoban anapiga honi ya forklifti. Erastus amekasirika: "Mwambie atoke bana, container inafungwa!"

Ni yangu, nimeinunua. Duka langu hilo. Nimeenda mlangoni nigonge, mkono umeishia hewani. Ndani nilisikia ufagio. Nilishafagia asubuhi, hakuna hata punje ya vumbi! Anafagia taratibu, kama mtu anayengoja wageni.

Erastus ananiita tena. Nimemwambia asubiri —