Springi Aliyoijaza Gwakisa

Burnsville, Marekani, 9 Februari 2014

Baba mkwe, shikamoo. Presha inaendeleaje? Mimi nakula, nalala kidogo.

Wifi Doris atakusomea hii kwenye simu yake, maana kwa mila yetu siwezi kukupigia. Miaka kumi na moja ya ndoa hatujawahi kusemeshana.

Mezani kwa marehemu mwanao Gwakisa kuna saa ya Kiingereza ya zamani, ya mama mmoja wa Woodbury. Gwakisa alishaitoa kwenye kasha, akaivua na uso. Asubuhi ile ya kifo chake, kabla hajatoka na kuanguka, aliijaza ufunguo. Haikutembea. Jumamosi huyo mama anaifuata. Nimpe tu?

Mkweo,
Imelda

Tukuyu, 10 Februari

Mkwe, marahaba. Presha ni ile ile.

Usiisogeze. Marehemu aliniambia mnyororo wake mwembamba una kiungo kilichopasuka. Springi imejaa, ukikatika, unaruka. Jicho langu la kushoto lilikwenda hivyo, enzi za ufundi wangu wa saa. Na huyo mama ataibeba kifuani.

Vaa miwani yake. Chukua ufunguo wa mpini wa mbao, uvike kwenye mhimili wa kopo la springi. Inua ule ulimi mdogo wa chuma unaozuia springi isirudi, achia nusu mzunguko, ulimi urudi. Tena, mpaka iishe. Kiganja kisiachie.

Baba mkwe

Burnsville, 12 Februari

Shikamoo, baba mkwe.

Fundi pekee tuliyemjua amehamia Florida. Nimeshika ufunguo mara tatu, nikauacha. Naogopa macho yangu. Naogopa na jambo la kitoto: nguvu iliyomo ni ya mkono wa Gwakisa. Alizungusha mara kumi na nne, nilimsikia nikikoroga uji. Nikiilegeza, cha mwisho alichofanya kimekwisha.

Mkweo,
Imelda

Tukuyu, 13 Februari

Kesho saa mbili asubuhi ya huko nitapiga. Usiseme kitu. Gonga meza kila nusu mzunguko, mimi nitahesabu.

Baba mkwe

Burnsville, 16 Februari

Baba, shikamoo.

Mikono mizima, macho mazima. Mama wa Woodbury aliibeba kifuani, kama ulivyosema.

Nilikusudia kugonga meza tu. Lakini kwenye ya tisa ufunguo uliteleza nikapiga kelele, nawe ukasema, "Shika hapo hapo, mwanangu. Nipo." Nikashika, nikaitika. Mbili za mwisho tulihesabu wote, ufunguo ukazunguka bure.

Nililia, lakini si kwa ajili ya springi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba sauti yako ni ya Gwakisa.

Kama si utovu wa adabu, Jumapili ijayo piga tena.

Mwanao,
Imelda