Sahihi Yangu kwenye Taa za Trésor

Albert Park, Durban

Mdogo wangu Faida,

Nakusalimu kwanza, maana hata mwenye hasira alilelewa na watu. Goti linaendeleaje? Dawa niliyompa mchungaji akuletee ilifika, au nayo iliishia mpakani? Mimi ni mzima, isipokuwa macho, ambayo siku hizi yanataka taa mbili ili niunge waya mmoja. Habari za moyo utazisoma hapa chini.

Jumatatu nilikuwa dukani nikifungua simu ya mteja, ujumbe ukaingia kutoka Ubelgiji. Aliyeandika ni mwenye duka wa Liège, yule ambaye mwanao Trésor alimwahidi zile taa ndogo za kusomea ninazozitengeneza. Kwa Kifaransa cha adabu aliomba nithibitishe kwamba hati aliyopewa ni yangu. Nikaifungua. Ni ile hati ambamo mtengenezaji anatangaza kwamba kifaa chake kimepimwa na kinatimiza sheria za usalama za Ulaya. Chini pameandikwa jina langu kamili, na juu ya jina kuna sahihi yangu, ila herufi A ina ule mkia ambao masista walikuchapia darasa la tatu na hukuuacha.

Nilikupigia papo hapo. Hukukana.

"Yaya, kaka yangu, ile ni karatasi tu. Si nimekuwekea mkono miaka yote?"

"Hii si karatasi ya mahari, Faida."

"Mahari ni nzito kuliko taa. Nilimwoza Neema kwa jina lako, hukulalamika. Leo taa ndiyo inakuuma?"

Hapo ulisema kweli. Tangu nitoke Uvira, kila mahali panapotaka mkono wa kaka mkubwa umeandika wewe: mahari za mabinti, kiwanja cha baba, hata kitabu cha rambirambi cha mama. Nami nikakushukuru kila mara. Kosa la kukuzoesha ni langu. La kuapa juu ya kifaa ambacho hujawahi kukishika ni lako, na sitagawana nawe.

Trésor alikuwa ameniomba sahihi hiyo mapema, nikakataa. "Mjomba," aliniambia, "hakuna ofisi inayogonga muhuri. Unajaza mwenyewe, unasaini, unabandika zile herufi mbili, CE, basi." Alisoma vizuri, akaelewa vibaya. Kwa vifaa vidogo kama hivi ni kweli hakuna dirisha la kupangia foleni wala karani wa kupewa chai. Mtengenezaji anapima au anapimisha, anatunza faili la michoro na vipimo kwa miaka kumi, kisha anatia sahihi. Sisi tuliokulia kwenye mihuri ya commune, ofisi ya mtaa, tukisikia hakuna ofisi tunadhani hakuna wa kutuzuia. Maana yake ni kwamba hakuna wa kumsingizia. Mtu akiumia, anatafutwa aliyesaini.

Nilimwomba anipe muda nipimishe. Usidhani sikuitaka biashara hiyo. Nimekaa huku hadi nimezeeka nikitengeneza vitu vya watu wengine, na nilitamani kitu nilichokibuni mwenyewe kimulikie kitabu cha mtoto wa mbali. Lakini haraka zake zilikuwa na chaja ndani. Taa siiogopi, ni betri na balbu ndogo tu. Chaja za kuuzwa pamoja nazo alizinunua yeye kwa jumla, kwa mtu wake hapa bandarini, nazo zilikuja na CE imekwisha kuchapwa. Nilipasua moja mbele ya Juma, yule wa Tanga ninayeshirikiana naye duka. Kati ya upande unaopokea umeme wa ukutani na upande unaoshikwa na mkono palikuwa na nafasi ya unene wa ukucha, pasipo kizuizi chochote.

Juma akaigeuzageuza. "Eish, mzee. Hii si chaja, hii ni tiketi ya ahera."

Nilimtumia Trésor picha. Jibu lake: "Mjomba, wewe unaishi zamani. Hizo zinauzwa kila kona." Zinauzwa kweli. Kwenye jengo letu, ghorofa ya chini, kuna mama wa Bukavu, msusi. Alishika simu ikiwa kwenye chaja ya namna hiyo, mikono ikiwa na maji. Hadi leo vidole vyake viwili havikunjiki, na kusuka ndiyo kazi pekee aliyoijua. Hilo nalo nilimwambia Trésor. Ndipo alipokuja kwako.

Halafu Jumamosi ukaketisha wazee na kuweka simu kwenye spika. Baba mdogo akaniuliza ni nani huku Durban amenifunga moyo hata nimzibie mtoto wa dada yangu njia. Nilivumilia. Ila wewe ukasema, wote wakisikia: "Yaya hajazika mtu hapa. Mimi ndiye nimekuwa yeye."

Basi sikia nilichofanya. Nimemwandikia mwenye duka kwamba sahihi si yangu, chaja hazikupimwa, asipokee mzigo. Trésor amempoteza mteja huyo, na nadhani hatampata tena. Maboksi bado yako kwangu, na kila chaja nimeikata waya. Yule bwana aliponiuliza ni nani aliyesaini, nilijibu ni mtu wa nyumbani kwetu. Jina lako sikulitaja. Usinishukuru, niliona aibu tu.

Mwezi ujao wakwe wanaleta mahari ya Furaha, kitindamimba wako. Usiniandikie sahihi. Karatasi ikifika kwenye mstari wa mjomba, uache mweupe. Wakiuliza, waambie mjomba wake yuko hai, ila hayupo.

Nisalimie shemeji, mumeo, ambaye najua hakuulizwa. Baba mdogo mwambie nimemsikia na bado namheshimu. Furaha mpe baraka zangu kwa mdomo, zisiandikwe popote. Trésor nitamwandikia mwenyewe, hasira ikipungua.

Kaka yako wa tumbo moja,
Anselme