Kifua cha Baba

Mpanda,
14 Septemba 1997

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje huko Ugalla, na nyuki wameingia mizingani mwaka huu? Mimi ni mzima, kozi ya uuguzi imebaki wiki tano. Hapa mjini joto limeanza mapema na maji tunayafuata mbali, lakini sina la kulalamika.

Barua ya mdogo wangu Dorika nimeipata. Anasema umerudi porini na unapanda mitini mwenyewe. Nilifurahi mpaka wenzangu bwenini wakaniuliza kama nimeposwa. Halafu nikasoma chini, kwamba jirani yetu Malale mmemzika. Nifikishie pole kwa mkewe Marselina.

Dorika ameandika pia kwamba Malale alitaka kwenda zahanati, ukamwambia asipoteze muda, maana wewe ulikohoa damu na aliyekuponya ni mganga Yotham kwa mizizi yake. Sasa Marselina naye anakohoa, na umemwelekeza hukohuko.

Baba, sikulaumu kwa kutoiamini zahanati. Mama alifia kwenye benchi la zahanati ya kule tulikokaa zamani, akingoja dawa iliyokuwa imekwisha tangu wiki iliyotangulia. Nilikuwa na miaka tisa, nimemshikia kanga yake. Nilipoajiriwa kwenye zahanati ya hapo kijijini uliniambia kwamba serikali iliyomsahau mama haiwezi kukikumbuka kifua chako, na kwamba vidonge vyao vya bure ni chaki tu.

Ndiyo maana nilifanya hili ninalokuambia leo. Mwaka jana nilichukua makohozi kwenye lile kopo ulilokuwa unatemea, nikayaleta hapa Mpanda yakapimwa. Ilikuwa kifua kikuu. Kuanzia Oktoba mpaka Mei, kila asubuhi, nilisaga vidonge vya serikali nikavikoroga ndani ya kikombe cha mizizi ya Yotham. Ile mizizi ni michungu, usingeweza kujua. Mkojo ulipokuwa mwekundu ukasema mizizi inatoa damu mbaya, vilikuwa ni vile vidonge. Jina lako limo kwenye daftari la zahanati, na mbele yake pameandikwa: amepona. Yotham hajui. Dorika hajui.

Nilikudanganya, Baba, tena nikikuamkia kwa heshima huku nimeshika kikombe. Niliona heri wewe uishi na mimi nibaki na uongo wangu. Sikufikiri kwamba watu wangeona ulivyonenepa, wakakufuata. Malale amekufa kwa kuuamini mwili wako, na kosa hilo ni langu kabla halijawa lako.

Ukinikasirikia, nitapokea. Ukisema nisikanyage hapo nyumbani, nitabaki hukuhuku. Lakini Marselina hatanisikiliza mimi wala muuguzi yeyote. Wewe atakusikiliza. Mpeleke mwenyewe zahanati, ukae naye mpaka apimwe na apewe vidonge. Nimeulizia, vipo. Fanya hivyo wiki hii, Baba, kabla hujaamua utanifanya nini.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mwambie Dorika kitambaa alichoagiza nimekipata, cha bluu.

Nakuamkia tena, shikamoo.

Ni mimi binti yako,
Lusia